Bunduki za GoldenEye 007: majina ya kubuni, maumbo ya kweli

Gemu za kijasusi zenye bunduki za kupendeza macho zipo tele, ila ninayoirudia mimi ni GoldenEye 007 ya kampuni ya Rare. Ilitoka mwaka 1997 kwenye Nintendo 64, ikarudishwa Januari 2023 kwenye Switch na Xbox. Nacheza ile ya Switch. Hadithi na ramani zake zimeshaongelewa sana, kwa hiyo hapa nitakaa kwenye silaha, maana ndizo zinazofanya nisiichoke.

Wakati inatengenezwa, bunduki zilikuwa na majina yake halisi. Kabla haijaingia sokoni majina yakabadilishwa, maumbo yakaachwa vilevile. Walther PPK ikawa PP7. Tokarev ya Kisovieti ikawa DD44 Dostovei. AK-47 ikaitwa KF7 Soviet, M16 ikaitwa US AR33, MP5K ya Wajerumani ikawa D5K Deutsche, na P90 ya Ubelgiji ikaongezewa tu herufi mbili mbele: RC-P90. Aliyewahi kushika silaha hana haja ya kusoma jina. Anaitambua kwa mtutu na kitako.

Nianze na PP7, kwa sababu ndiyo unayopewa pale Dam, hatua ya kwanza ya gemu, ikiwa na kiwambo cha kuzuia sauti. Magazini yake ina risasi 7, na PPK halisi ya milimita 7.65 ina saba vilevile. Dostovei ina 8, na Tokarev halisi ina nane. Nimefurahi sana kuona kuna mtu alikaa akahesabu. Hata huo ukimya wa PP7 una sababu: risasi ya 7.65 hutoka kwa kasi ya takriban mita 300 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo kiwambo kinakuwa na kazi ya maana. Tokarev inapita mita 400, na risasi yenyewe inapasua hewa kwa mlio hata ufunge kiwambo gani. Kwenye gemu Dostovei haina kiwambo, na walinzi wanasikia. Ukifyatua ovyo wanakuja wengi. Ukipiga moja ukatulia, unapita. Kwangu hapo ndipo gemu hii inapokuwa ya kijasusi kwelikweli.

Penye kasoro ni kwenye risasi zenyewe. PP7, Dostovei na ile Klobb nitakayoifikia zote zinakula fungu moja linaloitwa la milimita 9. PPK na bunduki iliyozaa Klobb kweli zinaweza kutumia risasi moja, ile ya 7.65. Lakini Tokarev ina risasi yake, ganda refu lenye shingo, haiingii kwenye PPK hata ukiisukuma kwa nyundo. Naelewa wamerahisisha ili mchezaji asihangaike, ila ningependa Dostovei ibaki na fungu lake, uione thamani ya kila risasi.

KF7 nimeicheza mbele ya mjomba wangu, mstaafu wa jeshi, ambaye SMG, yaani hiyohiyo AK-47, kwake ni kama jembe kwa mkulima. Alikaa kimya akitazama, mpaka nilipogusa kitufe mara moja na bunduki ikatoa risasi tatu.

"Mwanangu, hiyo imetoa tatu?"

"Ndiyo, mjomba. Ukigusa tu inatoa tatu."

"SMG haina tatu. Ukishusha sefti hatua ya kwanza ni mfululizo, ya pili ni moja moja. Basi."

Na ndivyo ilivyo. Mpigo wa tatu tatu ni tabia ya M16A2 ya Wamarekani, na Rare wameupa hata ukoo wa Kalashnikov. Risasi 30 za magazini ziko sawa, ule mpindo wa magazini uko sawa, na mlio wake mzito unaitofautisha kabisa na AR33 unayokutana nayo kule Jungle. Ndiyo bunduki iliyoko kwenye bendera ya Msumbiji, mtoto wa huku anaijua sura yake kabla hajaanza shule, na kwenye gemu anaitambua palepale.

Jambo la pili lililomkera mjomba ni kujaza risasi. Bunduki inashuka chini ya skrini, inapanda tena, imejaa. Huoni magazini ikitoka, huoni mkono, huoni anayekoki. Na risasi zilizobaki kwenye magazini uliyoitoa hazipotei. Hapa nampa mjomba haki yake nusu. Kwa vyombo vya 1997 sitegemei kuona vidole vikifanya kazi, lakini kuona magazini ikitoka tu kungetosha kukupa ule wasiwasi wa kuwa mikono mitupu wakati adui anakaribia.

Sasa Klobb. Jina limetokana na Ken Lobb, aliyekuwa Nintendo wakati huo, ila umbo ni la Škorpion vz. 61 ya Czechoslovakia, bunduki ndogo yenye kitako cha waya kinachokunjwa juu ya mgongo wake. Gemu imeifanya takataka: inapiga kelele, risasi zinatawanyika, adui anaendelea kukukimbilia. Wachezaji wanaicheka tangu enzi hizo, nami nasema imeonewa. Ile halisi inatumia risasi hafifu, ni kweli, lakini kwa sababu hiyohiyo hairushi mkono, na ndani ya mshikio kuna kifaa kinachopunguza kasi ya mfululizo. Kwa umbali wa chumba inalengeka vizuri. Rare wangeipa nguvu ndogo na shabaha nzuri, ingekuwa silaha ya mtu mwenye subira.

Upendeleo wote umeenda kwa RC-P90. P90 halisi magazini yake inalala juu ya bunduki, risasi 50 zimepangwa kwa upana, na kila moja inazungushwa nyuzi 90 kabla ya kuingia chemba. Maganda yanadondoka kwa chini. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima. Gemu imeipa 80. Ukicheza wanne kwenye skrini moja, wa kwanza kuiokota anamaliza mchezo, na wengine wanabaki kulalamika. Mimi nyumbani nawaomba wenzangu tuiondoe, tucheze na bastola peke yake, na raundi zinakuwa kali zaidi: kila mtu anahesabu saba zake, anajificha, anasikiliza.

Kama unanunua leo, Switch inahitaji usajili wa Nintendo Switch Online wenye nyongeza iitwayo Expansion Pack na inakuruhusu kucheza na walio mbali kwa intaneti. Xbox picha zake ni safi zaidi na vitufe vimekaa kisasa, ila wenzako lazima wawe sebuleni kwako. Ukichukua ya Switch, badilisha mpangilio wa vitufe kwenye mipangilio ya mashine kabla hujaingia Dam. Ule wa awali unaweka kutembea na kulenga mahali ambapo vidole vya sasa havipajui, na utaitupia PP7 lawama isiyo yake.