Mzazi king'ang'anizi: baba yake Toph au baba yake Marceline, nani afadhali?

Hawa wazee wawili wa kwenye katuni wananichosha lakini kila mmoja kwa staili yake. Lao Beifong wa kwenye katuni ya Avatar: The Last Airbender, baba yake Toph, yani mtoto haoni basi kamfungia ndani Gaoling miaka 12, watu wengi mjini hata hawajui kama ana binti, na alipoona kwa macho yake binti anawachapa wanaume wazima ulingoni akasema ataongezewa walinzi usiku na mchana 😂. Toph akatoroka. Mzee hakumfata mwenyewe, kalipa watu wawili wamrudishe, wakamtia kwenye boksi la chuma, na humo ndo Toph akagundua anaweza kukunja chuma kwa nguvu zake za ajabu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, so mbinu za mzee zikamgeukia.

Hunson Abadeer wa katuni ya Adventure Time, baba yake Marceline, huyu angalau anakuja mwenyewe, japo Finn, shujaa wa katuni hiyo, ndo kamwita. Ila akifika ni kisanga, ananyonya roho za watu, anataka binti arithi utawala wake wa Nightosphere (ulimwengu wa mapepo), na kosa lake linalouma zaidi eti ni kula chipsi za mtoto. Marceline kamwimbia wimbo mzima wa hizo chipsi! Mzee kuusikia kwenye rekodi akanywea.

Mi namchukua Hunson, pepo lakini anasikiliza. Lao ana adabu zote za mezani ila binti yake hamjui kabisa.