Mizani ya Ng'ombe Anayetembea: Nani Ainunue, Nani Aiache

Haya wadau, leo tuko Pugu, na kelele mnazosikia nyuma yangu ni za mnadani. Hapa ng'ombe wengi huuzwa kwa jicho: mnunuzi anamzunguka mnyama, anampapasa mgongo, anataja bei. Mfugaji asiyejua kilo za ng'ombe wake atabishana nini?

Bidhaa yenyewe hii hapa. Jukwaa la chuma, urefu kama mita 2, limekaa juu ya vyuma viwili vyenye vihisi vya uzito. Unalilaza kwenye njia nyembamba, ng'ombe anapita zake, kilo zinatokea kwenye skrini. Hakuna kumbana kwenye kibanio, hakuna mateke. Kama wana hereni za kielektroniki, kisomaji kinaweka uzito kwenye namba ya kila mmoja.

Sasa, je, inasema kweli? Ng'ombe akitembea, kila hatua anakandamiza chini zaidi ya uzito wake, halafu anapunguza, kwa hiyo namba inacheza. Mashine inatafuta wastani wa ule muda mfupi ambao miguu yote minne iko juu. Mtazameni huyu dume mwekundu. Amesimama: kilo 286. Amepita taratibu: 283. Hapo sina neno. Kijana, mswage kidogo... 318! Mbio zimeharibu kila kitu. Na huyu mwenzake aliyetanguliza miguu ya mbele kabla wa kwanza hajashuka? Wamepimwa kwa pamoja. Bila lango la kuwapitisha mmojammoja, umenunua chuma tu.

Halafu maji. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 30, na hizo ni kilo 30. Ukimpima leo akienda birikani, kesho akitoka, utasema amenenepa usiku mmoja! Chagua saa moja, usiibadilishe. Kinyesi kikiganda juu nacho kinahesabiwa, kwa hiyo safisha, kisha rudisha sifuri.

Kwangu mimi, hii ni ya mnenepeshaji mwenye kundi kubwa, anayetaka kuona kilo zikipanda wiki hadi wiki. Kipimo kimoja kikikosea, vingine vitakisuta. Wewe wa ng'ombe wanne kule Chanika, mkanda wa kupima kifua, ule wa kukadiria kilo, unakutosha. Kuuzia je? Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na hii niliyoletewa haina stika yao ya uhakiki. Kwa hiyo mnadani, hapana.

Mtakaouliza umeme: tunatumia betri ya gari, inakubali vizuri tu.