Multimita yenye kitufe cha MIN/MAX: miezi minane chini ya gari

Multimita hii, kifaa cha kupimia umeme, niliichagua kwa ajili ya kitufe kimoja tu. Ukibonyeza MIN/MAX, inatunza volti ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyopita, hata kama macho yako yalikuwa kwingine. Kwa anayehangaika na umeme wa transfa, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kitufe hicho ndicho kila kitu, kwa sababu mota ya transfa hufanya kazi sekunde moja au mbili kisha inanyamaza. Multimita ya kawaida inakuchezeshea namba, na kabla hujazisoma zimeshapotea.

Gari langu liligoma kuingia H4, yaani kuendeshwa na magurudumu yote manne kwa mwendo wa kawaida. Nikizungusha swichi, taa ya dashibodi inawakawaka weee, wala haitulii. Kuna asubuhi iliingia bila shida, jioni ikakataa. Fundi alichomeka mashine ya kusoma makosa, ikaleta kodi (namba ya kosa) ya mota, akasema tubadilishe mota nzima. Nilikataa. Kodi ile ilimaanisha kwamba kompyuta imetoa amri na haikuona transfa ikifika mahali pake. Hilo linaweza kuletwa na mota, sensa ya nafasi iliyo ndani yake, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), soketi iliyoingia maji, au waya wa ethi unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri.

Betri ilisoma volti 12.6, fyuzi ilikuwa na umeme pande zote mbili, na rilei ilikuwa inalia. Tafadhali, mlio wa rilei usikuridhishe. Mlio unaonyesha tu kwamba koili, sumaku yake ya umeme, inavuta; pointi zinazopitisha umeme wa mota zinaweza kuwa zimeungua kitambo.

Niliweka vigingi kwenye magurudumu, nikafungua swichi ya funguo bila kuwasha injini, nikaingia chini. Soketi ya mota nilipoichomoa, waya zilionyesha volti 12.4. Safi kabisa! Na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana waya usiobeba mzigo hauonyeshi upungufu wake. Nikairudisha soketi, nikapenyeza pini za kushonea nyuma yake, nikaweka MIN/MAX, mwenzangu akazungusha swichi. Mota ilipata volti 7.1 tu.

Zile nyingine zimeishia wapi? Kutoka chanya ya betri hadi mota zilipotea 0.3. Kutoka mota hadi hasi ya betri zilipotea 4.8. Basi mota haikuwa na kosa. Nikaufuata upande wa hasi, nikapita rilei, hadi kwenye bolti ya ethi ya chesisi. Kutoka chuma cha chesisi pembeni ya bolti hadi hasi ya betri zilipotea 0.1, lakini kutoka kichwa cha waya kilichobanwa na bolti hiyohiyo zilipotea 4.6. Katikati yao palikuwa na kutu. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza, nikapaka grisi juu. Upotevu wa upande wa hasi ukashuka hadi 0.3, na H4 ikaingia papo hapo.

Sasa kasoro zake, kwani zipo. Ncha za kupimia ni nene mno, haziingii nyuma ya soketi yoyote ya maana, ndiyo sababu ya zile pini. Kipimo cha mlio, kile cha kujua kama waya umekatika, kinalia hata ukinzani ukifika ohmu 30, kwa hiyo ethi yangu mbovu ilipita mtihani huo kwa kelele za furaha. Usikitumie kuhukumu waya unaobeba mota. Pia chagua kiwango cha volti kwa mkono kabla ya kubonyeza MIN/MAX, la sivyo inapoteza muda kujitafutia kiwango wakati mota tayari inazunguka.

Tundu la ampea 10 nalitaja peke yake. Niliwahi kusahau waya mwekundu humo nikagusa betri. Fyuzi ya ndani ilikatika na kuniokoa, ila cheche ilinishtua vibaya. Siku hizi nikimaliza kupima ampea, waya narudisha kwenye tundu la volti kabla sijainuka.

Kwa sensa ya nafasi inasaidia nusu. Inanionyesha volti 5 za kulisha sensa zikifika, lakini mkatiko wa kufumba na kufumbua haiushiki, kwa kuwa inasoma mara chache tu kwa sekunde. Kazi hiyo inataka osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika. Nyota nne, na waya za ncha nyembamba nimeshaagiza.