Fremu ya kioo kwa fundi wa Lamu

Niliagiza fremu ya mbao ya mfenesi, kila pembe iwe na waridi la petali sita. Nilimkuta fundi anachora. Akishapiga duara, upana wa bikari haubadilishi tena: upana uleule anautembeza kwenye mzingo, hatua ya sita imerudi pale pale alipoanzia. Rula iko mfukoni, haina kazi. Mnyororo uliochongwa pembeni yeye asema ni ulinzi wa nyumba. Mjomba wangu asema pambo tu, tusijisumbue. Patasi imepita safi, ukipitisha kidole unahisi makali ya kila ukingo. Ila nilisubiri wiki tatu zaidi ya ahadi, na waridi la chini kushoto lina petali moja iliyonenepa. Bei hakushusha hata shilingi. Hata hivyo, kazi ya kuchonga kasha nitampa yeye vilevile.