Steshenari ya Lindi mjini: taipu safi, ila kagueni nukta

Wadau wa Lindi mnaoulizaga wapi pa kutaipisha kazi ndefu, mi nimetoka kutumia steshenari moja hapa mjini, jina naliacha maana nna lawama kidogo na sitaki kumharibia mtu biashara, ila wenyeji mtaijua tu, ile yenye benchi nje chini ya mwarobaini. Laptopu yangu kioo kimekufa, na mi nafundisha fizikia, nilikuwa na notsi za mkono kurasa 14 za mada ya mionzi, mwishoni nimeongeza mwenyewe kuhusu fueli ya nyuklia ikishatumika inapelekwa wapi, maana tangu habari za urani ya kule Namtumbo zianze kuvuma watoto kila kipindi swali ni hilohilo.

Bei kawaida, taipu buku kwa ukurasa, printi 200, nikapunguziwa kidogo kwa vile kazi ilikuwa nyingi. Nilipeleka asubuhi nikaambiwa njoo saa kumi, umeme ukakatika mchana kwa hiyo nikaichukua kesho yake, hilo siwalaumu.

Sasa lawama yangu. Niliandika plutoniamu-239, moja ya mabaki yenye mionzi ndani ya fueli iliyotumika, inachukua miaka 24,100 kupungua nusu, halafu nusu ya iliyobaki inachukua 24,100 tena, na kuendelea. Dada anayetaipu kaweka nukta badala ya mkato, ikasomeka miaka 24.100. Yaani mwanafunzi anasoma miaka ishirini na nne na ushee, si anasubiri tu akiwa na wajukuu anaenda kufukua! Mada nzima imesimama kwenye hiyo namba, ndo sababu ya watu kuchimba mashimo marefu ya kuzikia taka hizo, na ingepita hivyohivyo kama nisingekaa pale benchi kusoma mstari kwa mstari. Pia "makopo ya shaba" ya kuzikia fueli yamekuwa "makopo ya shamba" sehemu tatu. Hiyo nilicheka tu.

Iliyonishangaza zaidi ni ile aliyonisahihisha makusudi. Nilieleza ghala la chini ya ardhi la New Mexico, Marekani, liko kwenye mwamba wa chumvi, linapokea taka za kutengenezea silaha tangu 1999, mwaka 2014 pipa moja likapasuka mionzi ikavuja, sababu kwenye lile pipa walichanganya taka na mchanga wa choo cha paka (ule wa kuwekewa paka wa ndani ajisaidie) wa aina inayotokana na ngano badala ya ule wa udongo, ikachemka yenyewe kwa yenyewe, ghala likasimama karibu miaka mitatu. Dada kafuta paka kaandika "mchanga wa pwani". Namuuliza kulikoni, ananiambia "ticha nilijua umekosea, paka ana mchanga gani?" Nikakosa hata la kumjibu, maana huku paka anajisaidia popote anapotaka, nikamwambia dada rudisha tu paka wa watu.

Lakini hapohapo ndo nikampenda, kumbe anasoma anachotaipu! Wengine wanakopi tu kama kasuku. Wakati anarekebisha akaniuliza kwa nini wasitupe baharini yaishe, nikamwambia taka za mionzi zilishamwagwa baharini kweli zamani, mpaka nchi zilipokubaliana kupiga marufuku 1993, akasema afadhali, samaki wetu hawa. Nikamweleza ya Finland, fueli ikitoka kwenye kinu cha nyuklia ina joto kali inakaa kwenye bwawa la maji miaka mingi kwanza, kisha inatiwa kwenye kopo la chuma lenye ganda la shaba unene kama sentimita 5 na kushushwa kama mita 430 ndani ya mwamba pale Olkiluoto, pembeni inazungushiwa udongo wa bentonaiti ambao ukilowa unavimba unaziba nyufa. Wameanza kuchimba 2004, majaribio ya makopo yasiyo na fueli 2024, mwendo wao wa kobe lakini wanafika. Wamarekani walichagua mlima wao wa Yucca pa kuzikia fueli yao tangu 1987 na mpaka leo hakuna hata kopo moja lililoingia.

Akauliza swali ambalo mi mwenyewe sikuliweka kwenye notsi, eti ticha, mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa hapa Lindi, si alikaa chini miaka milioni 150 katulia, halafu Mjerumani akaja 1909 akachimba, babu zetu wakabeba mifupa vichwani mpaka bandari ya hapa Lindi ikaenda Berlin? Kwa hiyo udongo hauna shida, shida mtu na jembe lake. Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeandika ya Oklo kule Gabon, kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita urani ilijiwasha yenyewe ardhini kama kinu, na plutoniamu yake haikusogea mbali na pale ilipozaliwa, na nikaona mfano huo umemaliza kila kitu, kwamba ardhi inaweza kutunza taka. Kumbe hata hiyo Oklo imejulikana 1972 kwa sababu watu walikuwa wanachimba urani! Nikamwambia ongeza aya ya Tendaguru, akaitaipu mwenyewe wala hakunichaji.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile nukta na siirudishi. Mkienda mtafuteni dada, sio yule kijana wa mchana anayetaipu huku anaangalia mpira, pelekeni fleshi yenu, namba zote zenye mkato ziandikeni na kwa maneno, na kwenye kubaindi ombeni spairo, ile ya gundi kwa joto letu hili kurasa zinaachia kabla ya wiki.