Kununua Gita: Moja Bora, Mawili, au Mengi?

Mnunuzi anayeingia dukani akiwa na fedha za kutosha gita moja zuri hugundua upesi kwamba fedha hizohizo zinaweza kumpatia magita matatu ya bei nafuu, na mara nyingi muuzaji ndiye wa kwanza kumweleza hivyo. Mwongozo huu unapanga njia nne, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi, kwa kipimo kimoja tu: je, chombo kinachoongezwa kinafanya kazi ambayo kilichopo hakiwezi kuifanya?

Nafasi ya kwanza naipa gita kavu moja, yaani lisilotumia umeme, pamoja na fedha zilizotengwa kwa ajili ya fundi, begi na seti mbili za nyuzi. Anayedhani kwamba gita moja litambana amsikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Afrika Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiwa na gita kavu moja, kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikipiga sauti za juu, hata asiyemwona akadhani wapigaji ni wawili. Mwanamuziki Willie Nelson wa Marekani naye amepiga gita lilelile la Martin N-20 tangu mwaka 1969, ingawa ubao wake wa mbele umetoboka kwa kukwaruzwa.

Ukiwa dukani, tazama shingo kwanza. Inapaswa kukaribia kunyooka, bila kujipinda upande, na nyuzi za chuma zisiinuke zaidi ya milimita 2.5 hivi juu ya freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo), kwa sababu zikiinuka sana vidole vya mwanafunzi vitaumia naye atajilaumu kwa kosa la chombo. Kisha piga kila uzi ukiwa wazi, uubane kwenye freti ya 12 na uupige tena: sauti ya pili iwe ileile ya kwanza, oktavu moja juu. Ikiwa imepanda au imeshuka waziwazi hata kwa nyuzi mpya, gita hilo halitakaa sawa hata ukilityuni kutwa nzima.

Uamuzi wa nyuzi za nailoni au za chuma ufanywe kabla ya kulipa, kwa kuwa huwezi kuubadilisha baadaye kwa kubadilisha nyuzi peke yake. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, ilhali ile ya nailoni huvuta kwa takriban kilo 40, na gita lililoundwa kwa nailoni likivishwa chuma huweza kung'oka daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele, au kuvimba ubao wa mbele. Muuzaji anayesema kwamba gita lake linapokea nyuzi zozote hajali litakalotokea baada ya mwezi. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa huwa na unyevu mwingi, gita la mbao za tabaka zilizogandishwa ni chaguo la busara kuliko la ubao mzima, kwa maana halijikunji kwa urahisi, hata kama sauti yake haina utamu uleule.

Nafasi ya pili ni magita mawili yenye kazi mbili zilizo mbali. Gita kavu na la umeme ndiyo jozi iliyozoeleka, ila kumbuka kwamba la umeme huja na gharama ya amplifaya na waya. Jozi ninayoiheshimu zaidi ni ya mpigaji wa dansi anayehitaji mi-solo, gita la kati ya solo na ridhimu katika dansi la Kongo, ambapo uzi wa nne huondolewa na kuwekwa mwembamba unaotyuniwa oktavu moja juu. Huwezi kufanya hivyo katikati ya onyesho na kurudi kwenye mpangilio wa kawaida kwa wimbo unaofuata, kwa hiyo gita la pili hapo si anasa.

Ya tatu ni gita pamoja na kinanda. Humfaa mwalimu wa kwaya, ambaye kwenye kinanda anaona sauti nne zikiwa zimepangwa mbele yake. Kwa wengine, kimoja huishia kufunikwa kitambaa.

Ya mwisho ni magita mengi ya bei nafuu. Matano yana nyuzi 30, ambazo karibu na bahari hupata kutu hata zisipopigwa, na fundi hutoza kwa kila shingo anayoinyoosha. Naelewa raha ya kuyaona yamepangwa ukutani, lakini anayejifunza hulazimika kuzoea upana na kimo tofauti kila anaposhika jingine: shingo ya gita la nailoni huwa na upana wa milimita 52 hivi penye kichwa, ya umeme kama 43.

Aliyekwisha kununua mengi na anataka kupunguza asianze kwa kuuza yaliyo na thamani kubwa. Ayatyuni yote, ayaache siku mbili, kisha abaki na lile ambalo sauti zake hazijashuka na ambalo nyuzi zake zina kimo kinachobanika bila nguvu. Yanayobaki ayauze mapema, kabla shingo hazijapinda kiasi cha kumfanya mnunuzi adai punguzo.