Utafiti wa kifua kikuu: ruzuku ndogo nyingi au fungu moja kubwa?

Fungu kubwa lina kazi yake. Jaribio la chanjo mpya ya kifua kikuu, M72/AS01E, lililoanza 2024, linahitaji washiriki hadi 20,000 katika nchi kadhaa, na wafadhili wametenga takriban dola milioni 550. Huwezi kuligawa vipande. Na chanjo inahitajika: BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyopo, imetumika tangu 1921, na haiwakingi watu wazima vya kutosha.

Ruzuku ndogo inafaa pale wazo bado ni changa: kama ilivyokuwa zamani kupima kinyesi cha mtoto asiyeweza kutoa makohozi, au njia mpya ya kumfuatilia mgonjwa anayekatiza dawa. TB REACH, mpango wa kimataifa wa ruzuku za kifua kikuu, umefadhili majaribio ya namna hii tangu 2010. Wazo likishindwa, hasara ni ndogo, na kushindwa kwenyewe ni jibu. Tatizo ni makaratasi: mtafiti wa kliniki ndogo hudaiwa ripoti nene kama za mradi wa mamilioni. Na fedha zikiisha, wazo lililofaulu hukosa wa kulibeba.

Mimi ningeanza na ndogo, mradi sehemu ya bajeti iwekwe kando mapema kwa yale yatakayofaulu.